Sarafu Isiyolia

Nimemletea bibi duka lake lote
ndani ya kitu chembamba kama ubao wa kukatia vitunguu:
michezo kumi na minne, iliyofufuliwa na kampuni ya Osaka,
nondo wa chuma washukao kwa safu,
mpishi anayekimbizwa na pweza ghorofa hadi ghorofa,
na ile ya magari, ambayo babu hakuwahi kuimaliza
ingawa funguo za mashine alikuwa nazo yeye.

Bibi Fusae akavaa miwani.
Akakigeuza, akakichungulia mgongoni,
kama anunuaye tikitimaji kwa muuzaji asiyemwamini.
"Sarafu inaingilia wapi?"

Nikamwonyesha kitufe.
Ukikibonyeza, kinahesabu: moja. Tena: mbili.
Akabonyeza mara tisa bila kusema kitu,
na mara tisa kikampa.
Hakikulia. Hapo ndipo aliponitazama.
"Nani analipa?"
"Hakuna, bibi. Bonyeza hata mia."
"Hata mia," akasema,
kwa sauti aliyowatolea zamani wavulana
waliofunga sarafu kwa uzi wa ndoano
wakaivuta ikishahesabiwa.
Kama rahisi ni ghali, cha bure kinauzwaje?

Lazima mjue: miaka ishirini na sita, huko Yahata,
chini ya reli, watu wa tanuru walikuja zamu ikiisha,
masizi bado kwenye nyusi,
wakapanga sarafu za yeni mia ukingoni mwa kioo.
Sarafu ndizo zilizosimama foleni;
wenyewe waliketi wakivuta sigara.
Usiku bibi alifungua tumbo la kila mashine
akazimwaga kwenye ndoo ya buluu.
Mama yangu anasema alilala kwa mlio ule
kama wengine walalavyo kwa mvua,
na ada yake ya shule aliibeba kwa mikono miwili,
karani akiihesabu huku amenuna.

Kampuni imefanya kazi yake, siwezi kuilaumu.
Wameacha hata ule uchovu:
nondo wakizidi ishirini, kila kitu hukokota miguu,
risasi huelea, na mchezaji hupata nafasi ya kupumua,
kwa sababu mashine ya zamani ilikuwa ikielemewa.
Lakini ya tatu kutoka mlangoni
ilikuwa na kovu la sigara karibu na kitufe chekundu,
nalo halimo.
Kidole gumba cha bibi kilikwenda kulitafuta. Nilikiona.
Kikapapasa plastiki laini, kikarudi.

Na orodha ya mabingwa: herufi tatu tatu,
majina ya kiwandani, ya watu wasiowahi kuzaliwa.
Wale wetu walifutika kila usiku bibi akizima umeme;
kesho yake, baada ya zamu, wakaanza upya kulitafuta jina.
"Nilikuwa nawaua wote kwa swichi moja,"
akasema, akacheka mpaka nesi akachungulia.

Nilirudi Jumapili ya pili.
Kando ya kitanda, kopo la majani ya chai,
kifuniko kimetobolewa kwa kisu,
na karatasi: YENI MIA. KUKOPA HAKUNA.
Anafungua saa nne asubuhi. Kwanza hufuta kioo.
Mzee Kurogi wa chumba cha saba, zamani fundi wa mabomba,
ameshalaza sarafu yake ukingoni mwa meza;
nyuma yake, sarafu ya Bi Hanayo, asiyeona vizuri
lakini anampenda yule pweza.

Nikanyoosha mkono. Mimi ndiye niliyekinunua kile kitu,
nina risiti.
Bibi hakusema neno. Alilitazama kopo.

Nilitumbukiza. Ikalia.
Chumba kizima kikageuka, hata Bi Hanayo.

Nilikufa mbele ya nondo wa kumi na mbili.
"Anayefuata," akasema bibi,
na tayari alikuwa na kitambaa mkononi.